Nyuma ya Shuka

Sinema ya kwanza niliyoitazama maishani niliiona kinyume. Ilikuwa Kawangware, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Gari la sinema lilikuwa limezunguka mtaani mchana kutwa na kipaza sauti chake: "Sinema leo! Sinema leo!" Hatukuhitaji kuambiwa wapi, maana uwanja ulikuwa mmoja. Kufika saa moja jioni, watu wazima walikuwa wameshajaa mbele ya shuka, wengine wamekuja na viti vyao kutoka nyumbani. Sisi watoto tuliosukumwa pembeni tukazunguka, tukakaa chini upande wa pili. Mwanga ulipenya kitambaa ukatuletea picha ileile waliyoiona wakubwa, ila kulia kumekuwa kushoto. Maandishi hayakusomeka. Kauboi alichomoa bastola kwa mkono wa kushoto, na kila kauboi niliyemwona kwa miaka kadhaa iliyofuata alikuwa wa shoto. Nilifikiri ndivyo Wamarekani walivyo.

Mashine ilikuwa moja, kwa hiyo kila rili ilipokwisha filamu ilisimama, na mwenye gari akatumia nafasi hiyo kutangaza sabuni na majani ya chai. Hao wenye sabuni ndio waliolipia petroli. Wakubwa walipiga soga. Mimi nilikwenda kusimama karibu na projekta, kijimashine cha milimita 16 juu ya meza, nikamtazama jamaa wa shati jeupe akipitisha filamu kwenye vigurudumu kwa vidole viwili, bila haraka, kama mama anayesuka nywele.

Nimeikumbuka shuka hiyo kwa sababu ya mpwa wangu. Kazi yake ni kuhudumia mitambo ya sinema kwenye maduka makubwa ya huku kwetu magharibi mwa jiji, na Desemba iliyopita, tukiwa mezani, alinieleza kwamba huko tuendako projekta haitakuwepo. Skrini yenyewe ndiyo itakayowaka, ukuta mzima wa vitaa vidogo, kama televisheni. Huko Seoul, Korea Kusini, Samsung waliifunga ya kwanza ndani ya jumba la sinema mwaka 2017, upana wake zaidi ya mita kumi. "Nyeusi yake ni nyeusi kabisa, Anko," alisema. Nikamwuliza: sasa watoto waliokosa nafasi mbele watakaa wapi, maana ukuta wa namna hiyo hauna nyuma? Akacheka. Alidhani ni mzaha wa kizee.

Mwaka 1981, nikiwa na miaka kumi na saba, nilipanda basi namba 46 nikaenda mjini kutafuta kazi. Siku hizo katikati ya Nairobi ulikuwa hupigi kona mbili bila kukutana na sinema. Kenya Cinema ilikuwa Moi Avenue, Twentieth Century Mama Ngina Street, Cameo Kenyatta Avenue. Nairobi Cinema ilikuwa ya wenye viatu vya kung'aa. Odeon ilikuwa ya watu wa Tom Mboya Street, na hadi leo makanga huita "Odeon! Odeon!" kwa abiria ambao hawajui kwamba palikuwa na sinema pale. Globe ilikuwa kwenye mzunguko uliorithi jina lake. Shan ya Ngara na Liberty ya Pangani zilikuwa ngome za filamu za Kihindi. Mwenye gari alikwenda Fox Drive-In, barabara ya Thika, au Belle-Vue, barabara ya Mombasa, akatundika kipaza sauti dirishani na kula chipsi na familia yake.

Jumba lililoniajiri silitaji jina. Kuna mambo nitakayoyasema ambayo mwenyewe asingeyapenda, na wanawe wapo.

Kazi yangu ilikuwa ya miguu. Filamu ya Kihindi ilikuja nakala moja, na mwajiri wangu alikuwa amekubaliana na jumba lingine, mwendo wa dakika sita kwa mtu anayekimbia, kwamba waionyeshe wote siku moja. Sisi tulianza saa nane mchana, wenzetu saa nane u nusu. Rili moja ya milimita 35 ina urefu wa karibu mita 600 na huchukua kama dakika ishirini. Ikimalizika kwetu, Fundi aliirudisha nyuma, akaitia kwenye mkebe, nami huyo, mkebe begani, navuka barabara katikati ya matatu. Filamu ya zaidi ya saa tatu kama Sholay ilikuwa na rili nyingi kuliko pumzi zangu. Nikichelewa, watu wa upande ule walikaa gizani wakipiga miluzi na kugonga viti: "Opareta! Opareta! Rudisha pesa!" Nilikuwa nikiwasikia tangu mlangoni. Opareta wao, maskini, hakuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa mimi, nimesimama kona ya barabara nikisubiri msafara wa magari ya wakubwa upite.

Fundi tulimwita Fundi, na sikumbuki kama mtu yeyote alilitumia jina lake. Alikuwa Mswahili wa Mombasa, mzee wa kofia, na alinisahihisha Kiswahili changu sambamba na kazi. Nikisema "hiyo filamu imekatika", ananiambia rudia vizuri, kisha ndipo ananionyesha jinsi ya kuiunga. Baada ya mwaka mmoja aliniruhusu kuingia chumba chake.

Watu wa siku hizi wanapofikiria projekta wanafikiria balbu. Yetu haikuwa na balbu. Ilikuwa na vijiti viwili vya kaboni, ncha zikitazamana ndani ya kijumba cha chuma, na nyuma yake kioo cha duara. Unavigusanisha, unavitenga kidogo, na katikati yake panawaka kitu kama kipande cha jua. Ukikitazama kwa macho matupu, usiku hutalala, utahisi mchanga machoni. Kwa hiyo tulitazama kivuli chake: mwanga ulipenya tundu dogo ukachora zile ncha mbili kwenye kikaratasi kilichobandikwa pembeni, na kwenye kikaratasi Fundi alikuwa amepiga mistari miwili ya penseli. Kaboni inalika kama mshumaa. Kazi yako ni kuzungusha kitufe, kidogo kidogo, ili ncha zisiachane na mistari. Ukijisahau ukasikiliza wimbo, picha inafifia, na huko chini wanaanza kukuita.

Chumba kilikuwa na joto la jikoni. Bomba lilitoa moshi nje, lakini si wote, na Fundi alikohoa kila asubuhi kabla hajasema neno. Wanaosimulia siku hizo kana kwamba zilikuwa pepo hawakukaa chumbani humo.

Mashine zilikuwa mbili, ili filamu isisimame kama kule uwanjani. Rili ikikaribia kwisha, kwenye kona ya juu kulia ya picha kinatokea kiduara, kufumba na kufumbua. Hapo unawasha mota ya mashine ya pili. Sekunde kama saba baadaye kinatokea cha pili, unakanyaga pedeli, mashine moja inafumba na nyingine inafumbua, na waliokaa chini hawajui kitu. Fundi aliweza kufanya hivyo huku akimenya chungwa. Mimi jasho lilinitoka. Nilipata ulemavu ambao haujapona: nikitazama filamu ya zamani kwenye televisheni, macho yangu yanakaa kona ile, nasubiri kiduara, na hadithi inanipita.

Siku moja alinionyesha kijibao cha chuma kinachozunguka mbele ya taa. Filamu, alinieleza, haitiririki. Inaruka. Picha 24 kila sekunde, na kila moja husimama kabisa ipate kupigwa mwanga. Inapovutwa kuipisha nyingine, kijibao kinaziba, la sivyo watu wangeona ukungu tu. Ukijumlisha, karibu nusu ya muda wote kule ukutani hakuna kitu. Mtu aliyekaa saa tatu, saa moja na nusu hivi amekuwa akitazama ukuta mweusi, na jicho lake halijagundua.

"Watu hulipia kiza, mwanangu," alisema. "Wewe usiwaambie."

Kabla ya filamu ulipigwa wimbo wa taifa. Wenye umri wangu wanakumbuka: bendera inapepea, Rais anatokea, na ukumbi mzima umesimama wima, hata aliyeshika popcorn. Kipande hicho kilikuwa filamu kama filamu nyingine, dakika chache tu, ila kilipita kwenye mashine mara nyingi kuliko kingine chochote tulichokuwa nacho, mara tatu hadi nne kila siku ya Mungu. Matundu yake ya pembeni yalikuwa yamechoka.

Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, jiji lilikuwa na hofu. Kwa muda hatukuwa na shoo ya usiku, kwa sababu ya amri ya kutotoka nje. Tuliporejea, Fundi alimwomba mwenye jumba aagize kipande kipya cha wimbo wa taifa. Akaambiwa kilichopo kinatosha.

Jumapili moja, shoo ya saa nane, kilikwama. Meno ya gurudumu yalikamata hewa, na bendera ikasimama ghafla katikati ya kupepea. Picha ikisimama mbele ya kaboni huwa ina sekunde moja au mbili tu za kuishi: inapata doa la kahawia katikati, doa linachemka kama uji, kisha linatoboka na mwanga mweupe unamwagika. Kila mpenda sinema aliwahi kuliona hilo likimtokea kauboi, akacheka. Ila hiyo ilikuwa bendera ya taifa, mwaka 1982, na picha iliyofuata baada ya bendera sote tulijua ni ya nani.

Fundi alifunga taa kwa kiganja. Sijui kama doa lilionekana kule chini. Ninachojua ni kwamba ukumbi ulikuwa giza totoro, wimbo umekatika katikati ya neno, na watu mia kadhaa walikuwa wamesimama, mikono ubavuni. Hakuna aliyepiga mluzi. Hakuna aliyemwita opareta. Hakuna aliyethubutu kukaa. Nilichungulia kwenye kidirisha na kwa mwanga wa taa ya mlangoni niliona vichwa vyao vimenyooka kuelekea ukuta usio na kitu. Fundi akawasha mashine ya pili na filamu ikaanza. Walisimama hadi majina ya waigizaji yakapita yote, hadi stelingi mwenyewe akatokea juu ya farasi, ndipo bibi mmoja mnene wa safu ya mbele akakaa, na wengine wakamfuata.

Wanaume wawili wa suti walipanda ngazi wakati wa mapumziko. Walituuliza maswali kwa upole uliozidi kiasi. Fundi akawaonyesha rili iliyoungwa, safi, akawaeleza habari za matundu hadi wakachoka. Picha zilizoungua hazikuwepo. Zilikuwa kwenye soksi yangu.

Ninazo hadi leo, picha nne za bendera, ya tatu ina tundu lenye kingo za rangi ya chai.

Kilichotuua hakikuja kwa kishindo. Kilikuja ndani ya begi la mtu aliyetoka ng'ambo, kikaitwa deki. Katikati ya miaka ya themanini tayari kulikuwa na maduka ya kukodisha kanda za VHS, na familia za Ngara na Parklands zilizokuwa zikichukua safu nzima ya balkoni zilianza kukaa nyumbani. Kisha usiku wa mjini ukawa wa kuogopwa. Mtu akitoka sinema saa tano anafikiria saa yake ya mkononi kuliko filamu aliyoiona. Mwaka 1993 tuliitwa tukaambiwa ukumbi umepata mpangaji mwingine. Malipo yetu ya mwisho yalikuwa nusu ya tulichodai. Majumba mengine yaligeuka makanisa, mengine kumbi za kamari, mengine maduka ya nguo. Shan ilibahatika kuliko nyingi: ikawa Sarakasi Dome, na watu bado wanapanda jukwaani pale.

Nami nikafanya walichofanya wengi. Nilirudi Kawangware nikafungua kibanda cha video: mabati, mabenchi sita, televisheni ya inchi 20, deki, na spika mbili kubwa kuliko mahitaji. Mwanzo ilikuwa Bruce Lee na Schwarzenegger, mkanda umepigwa mara nyingi hadi picha inanyesha mvua. Baadaye wakaja wasimulizi. DJ Afro aliposhika, watu hawakuuliza tena filamu gani, waliuliza kama ni yake. Sauti yake ilikaa juu ya filamu ya Kichina au ya Kihindi, akawapa waigizaji majina ya mtaani, akawaonya kabla adui hajafika, akatukumbusha kwamba stelingi hafi. Wataalamu wanaozungumzia mustakabali wa sinema huanza na upana wa skrini na wingi wa nukta. Kwenye kibanda changu nukta zilikuwa chache sana, na ukumbi ulijaa.

Na watoto? Walichungulia kupitia matundu ya misumari. Unaona jicho moja, linapepesa, linaondoka, linakuja lingine. Niliyaziba kwa sabuni ya mche. Mimi huyuhuyu, wa nyuma ya shuka. Wakayazibua kwa vijiti, nikayaziba tena, na hivyo ndivyo tulivyoishi hadi DVD za bei ya chai na mandazi zilipoingia kila nyumba na kibanda kikageuka kinyozi.

Mwaka 2012 IMAX ilifunguliwa Mama Ngina Street, ndani ya Twentieth Century ileile. Nilikwenda peke yangu. Sitajifanya: picha ilinipiga kifuani. Hakuna mkwaruzo, hakuna mtikisiko, hakuna mvua, na nilitafuta viduara kwenye kona saa mbili nzima nikavikosa. Nilitoka barabarani nikiwa kama mtu aliyegundua kwamba ugali aliokula miaka yote ulikuwa na mchanga. Mwaka huohuo Nairobi Half Life ilionyeshwa mjini wiki baada ya wiki, na niliona vijana wakipanga foleni kwa ajili ya filamu inayozungumza kama wao. Wakati wa Fundi foleni ya namna hiyo kwa filamu ya nyumbani sikuwahi kuiona.

Filamu ya plastiki yenyewe ilikuwa inaagana na dunia. Avatar, mwishoni mwa 2009, iliwasukuma wenye majumba kununua projekta za dijitali ili waonyeshe picha za miwani, na mwaka 2014 Paramount iliacha kusambaza nakala za milimita 35 Marekani. Kwa majumba yetu haikuwa hiari. Kisichotengenezwa huwezi kukikodi.

Mpwa wangu ndiye aliyenipeleka kwenye chumba cha mitambo kwa mara ya kwanza baada ya miaka zaidi ya ishirini. Chumba kilikuwa baridi. Hakikuwa na kiti. Ndani ya ile mashine, alinieleza, kuna chipu tatu, na kila chipu ina vioo vidogo zaidi ya milioni mbili, kila kioo kinapinduka maelfu ya mara kwa sekunde. Kazi ya kijibao cha Fundi imegawiwa vioo milioni sita. Nikamwuliza filamu iko wapi. Akanionyesha diski inayotosha kwenye kiganja, ambayo zamani ingekuwa masanduku ya chuma ya zaidi ya kilo ishirini. Nikaipima mkononi. Mgongo wangu ulicheka.

Ila diski hiyo peke yake haifungui kitu. Inahitaji ufunguo, ambao ni maandishi yanayotumwa kwa intaneti, na ufunguo huo unaijua mashine moja tu na siku zake tu: labda Ijumaa adhuhuri hadi Alhamisi usiku. Saa ikipita kabla haijaanza, filamu haifunguki hata kama watu wamekaa. Nikakumbuka mwaka 2018, Mahakama Kuu ilipoiruhusu filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu kwa siku saba, na watu wakajazana Prestige, Ngong Road, kuiwahi. Wakati ule nilidhani ni jaji tu anayeweza kuipa filamu siku za kuishi. Kumbe mashine zilikuwa zimeanza kabla yake.

"Na opareta anakaa wapi?" nilimwuliza.

"Hakuna opareta, Anko. Ratiba inajiendesha."

Nilitoa bahasha mfukoni, nikamwonyesha zile picha nne za bendera. Alizinyanyua kwenye mwanga wa simu yake, akazitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kisha akauliza kama anaweza kuzipiga picha.

Mwaka huu, mwezi Februari, nilikwenda kutazama filamu katika mojawapo ya kumbi hizo za huku kwetu, Jumanne mchana, watu labda thelathini. Karibu nusu saa ndani ya filamu picha ilisimama. Mwanamke mmoja alikuwa anafungua mlango, mkono wake ukaganda kwenye kitasa. Moyo wangu ulikwenda mbio, nikasubiri doa la kahawia. Halikuja. Skrini ikawa nyeusi tu. Nami nikasubiri kelele. Hazikuja pia. Mmoja baada ya mwingine walitoa simu, na ukumbi ukajaa viskrini vidogo thelathini, kila mtu na yake, kimya.

Dakika nne, tano. Nikashindwa. Nikatia vidole viwili mdomoni nikapiga mluzi, halafu nikaita kwa sauti yote iliyobaki: "Opareta!"

Watoto wa mbele walicheka. Nyuma yangu, gizani, mtu mwingine, mwanamke, na kwa sauti si mtoto, akajibu: "Opareta, rudisha pesa!"

Simu yangu ikatetemeka.

"Anko, uko hapo ndani?"

"Umejuaje?"

"Wamenipigia, wanasema kuna mzee anamwita opareta."

"Basi mwambieni awashe. Yuko wapi?"

Nilisikia honi, na makanga akigombana na mtu kuhusu chenji.

"Ni mimi, Anko. Naiwasha upya kwa simu, ngoja kidogo, neti inasumbua. Niko kwenye matatu, tumekwama hapa Dagoretti Corner."